Vunjajungu wa Zuzu

Jumamosi ile Priska alishona suruali yenye miguu miwili ya kushoto.

Aliyegundua si yeye. Ni Shantaben, mwenye duka, mama wa Kihindu aliyekuwa na desturi ya kuinua kila nguo iliyotoka kwenye cherehani na kuitazama mwangani kabla ya kuikunja. Aliiinua suruali ile, akaigeuza, akaigeuza tena, kisha akatoka nayo barazani alipoketi Priska, akaiweka mbele yake polepole.

"Priska, mteja wetu huyu ana miguu ya namna gani?"

Priska alitazama. Uso ukamwaka moto. "Nisamehe, mama. Naifumua sasa hivi."

"Usifumue. Ukishika mkasi leo utakata na kidole." Shantaben alivuta kiti akaketi. "Wazee wako wanakutana na yule kijana saa ngapi?"

"Saa tisa."

"Na sasa ni saa nne. Utakaa hapa kutwa unaniharibia vitambaa? Nenda nyumbani, mwanangu. Ukitaka kulia, lia. Ukitaka kupika, pika. Hapa usishone."

Priska alikuwa na miaka ishirini na miwili. Kwa miaka mitatu cherehani ile ya barazani, katika mtaa wa maduka wa Dodoma, ilikuwa kazi yake na fahari yake, na hakuwahi kuharibu hata pindo. Lakini tangu Jumanne usingizi ulimpaa, chakula hakikupita kooni, na mguu wake ulikuwa ukikanyaga cherehani hata pasipo kitambaa.

Jumanne ndiyo siku shangazi yake, Ruthu, aliyemlea tangu mama yake afariki, alipofagia chini ya kitanda chake.

Alikuta kioo cha taa ya chemli, kimezibwa juu na chini kwa kitambaa cha chandarua. Ndani mlikuwa na kipande cha gome la mgunga, na juu ya gome, rangi moja nalo, amejilaza bapa kama gome lenyewe, mlikuwa na mdudu. Shangazi asingemwona kama mdudu asingegeuza kichwa kumtazama.

Vunjajungu! Ugogo nzima hakuna mtoto asiyeambiwa na bibi yake asimguse mdudu huyo, maana mkono uliomgusa hautashika chungu kisivunjike. Na huyu hakuwa yule wa kijani wa kwenye majani, ambaye watu wamemzoea. Alikuwa wa magomeni, wa kijivu, mwenye macho yaliyochongoka. Shangazi Ruthu hakupiga kelele. Alikifunika kioo kwa ndoo, akavuta kigoda, akaketi kando yake kama askari wa zamu mpaka kaka yake, baba wa Priska, aliporudi kutoka kanisani.

"Hiki ndicho kilichomfanya mtoto amkatae Bartolomayo," alimwambia. "Mwanamume mzima, ana lori, ana shamba la karanga Mpwapwa, anasali, na binti yako anasema hapana. Kwa ajili ya nani? Karani wa stesheni ya Zuzu! Siku ile nilishangaa. Leo sishangai. Mtoto amewekewa dawa."

Gideoni, baba yake Priska, alikuwa mwalimu wa kanisa, na habari za dawa hakuziamini. Ndivyo alivyohubiri. Lakini alimwita binti yake, akamwuliza amepewa na nani, na Priska akajibu, "Yotham." Hapo Priska aliona jambo lililomtisha kuliko fimbo. Baba yake alikuwa akimtazama kama mtu anavyomtazama mgonjwa.

"Baba, nampenda."

"Ndiyo, mwanangu," baba alijibu kwa upole. "Hata aliyewekewa husema hivyo."

Tangu saa ile kila alichofanya kiligeuka ushahidi. Akilia, ni dawa. Akinyamaza, ni dawa inafanya kazi. Akisema anampenda Yotham kwa akili yake timamu, shangazi alitikisa kichwa na kumwonea huruma. Hilo ndilo lililomchoma. Wangemkatalia mwanamume, angeweza kubishana nao. Sasa walikuwa wamemnyang'anya moyo wake mwenyewe na kusema si wake.

* * *

Yotham alikuja barazani kwa mara ya kwanza mwaka uliotangulia, mwaka wa hamsini, amevaa sare ya reli iliyofifia magotini. Alitaka chandarua.

"Cha kitanda cha watu wangapi?" Priska alimwuliza.

"Si cha kitanda, dada. Nataka vipande vidogo. Kila kimoja upana wa kiganja, na pindo lenye kamba ya kukaza."

"Vingapi?"

"Kumi na vinne."

"Una watoto kumi na wanne wanaolala kwenye vitanda vya upana wa kiganja?"

Yotham akacheka. Kicheko chake kilianza kama kikohozi, kicheko cha mtu ambaye hapati sababu ya kucheka mara kwa mara. Kisha akamweleza, mwanzoni akitazama viatu vyake, baadaye akimtazama yeye, na kadiri alivyoeleza ndivyo macho yake yalivyozidi kung'aa.

Nyuma ya stesheni ya Zuzu kulikuwa na migunga, alisema, na kwenye magome yake waliishi vunjajungu ambao mtu anaweza kuwapita kila siku kwa miaka kumi asiwaone. Yeye aliwaona. Akamchukua mmoja, akamfuga kwenye kioo cha taa kilichopasuka. Kisha wawili. Akajifunza kwamba jike wa magomeni hatagi mayai yake akaenda zake. Akishayabandika kwenye gome, hujilaza juu yake wiki nyingi, mpaka yaanguliwe. Wanawe hutoka wadogo kama sisimizi, na inabidi kuwatenga mapema kwa sababu hulana. Yotham aliwalisha inzi wadogo aliowapata kwa kuozesha ndizi. Wakati wa kujivua ngozi walining'inia kichwa chini, na mtu akigonga meza saa hiyo, mdudu huanguka akabaki na miguu iliyopinda maisha yake yote.

"Kwa hiyo nyumbani kwangu hakuna anayegonga meza," alisema.

"Unaishi na nani?"

"Peke yangu."

"Na ukishawazalisha, unawafanyia nini?"

"Nawatazama."

"Basi?"

"Basi. Wakizidi, nawarudisha mitini."

Hakuna mwanamume aliyewahi kukaa mbele ya Priska na kumsimulia jambo lisilo na faida yoyote kwa furaha namna ile. Waliomjia walisimulia ng'ombe zao. Alivishona vipande kumi na viwili, viwili akavisahau makusudi, ili arudi.

Alirudi. Akawa anarudi. Priska alimwomba mdudu mmoja, Yotham akakataa. "Ni kazi kubwa. Utamchoka, halafu atakufa, halafu utanichukia." Baada ya mwezi akamwomba tena, akakataa tena. Mara ya tatu Priska alikasirika, akamwambia asije tena dukani, na Jumamosi iliyofuata Yotham akashuka kwenye gari moshi amebeba jike mchanga ndani ya kioo, kama mtu aliyebeba yai. Baadaye, jike alipokomaa, akamletea dume ndani ya kisanduku cha kiberiti.

Huyo jike ndiye aliyekuwa chini ya kitanda, amelalia mayai yake, siku shangazi aliyofagia.

* * *

Nyumba yao ilikuwa mtaa wa Kikuyu, karibu na kanisa. Priska alifika, akapika ugali wa mtama ambao hakuna aliyeula, akateka maji ambayo hayakuhitajika, akafagia uwanja mara mbili. Gari moshi kutoka magharibi lililia saa saba. Saa nane hakuna mtu. Saa nane na nusu alikwenda mpaka kona ya barabara, akarudi, akaenda tena.

"Kaa chini," shangazi alimwambia. "Unanizungusha kichwa."

"Nimekaa, shangazi."

"Umesimama."

Kweli alikuwa amesimama.

Saa tisa kasoro Yotham alitokea, suti yake nyeusi imejaa mavumbi, mikononi amebeba sanduku la mbao. Aliamriwa kuja na wadudu wake wote. Alitembea kwa miguu kutoka stesheni hatua kwa hatua ili asiwatikise, ndiyo maana njia ilimchukua karibu saa mbili. Alipopita uani macho yake yalikutana na ya Priska, mara moja tu, kisha akayainamisha. Alikuwa amekonda. Priska alitaka kumwambia hilo tu: umekonda. Shangazi akamshika mkono akamwingiza chumba cha ndani, akashusha pazia, kisha akaenda kuketi na wazee.

Nyuma ya pazia alisikia kila neno.

"Shikamoo, mwalimu. Shikamoo, mzee Elieza."

"Marahaba. Kaa." Hiyo ilikuwa sauti ya baba. Elieza, mzee wa kanisa na rafiki yake wa siku nyingi, alikohoa.

Vioo vilipangwa mezani, kimoja kimoja. Vilikuwa kumi na tisa, na cha ishirini ni kile cha chini ya kitanda.

"Yotham," baba alianza, "kuku hutaga tukala. Ng'ombe hukamuliwa. Mbwa hulinda. Hawa wana faida gani?"

"Hawana faida, mwalimu."

"Kwa nini unawafuga?"

"Zuzu magari moshi hupita machache, mwalimu. Likishapita la asubuhi, nakaa mpaka la jioni, upepo na vumbi. Mwenzangu aliyenitangulia kazini alikunywa pombe mpaka akaachishwa. Mimi nilianza kutazama magome. Nikimtazama mmoja anavyojivua ngozi, saa mbili zinapita na sijajionea huruma hata kidogo. Sina sababu nyingine."

"Mnasikia?" shangazi alidakia. "Hana sababu! Wadudu ishirini ndani ya nyumba, hana sababu!"

"Nasikia jike humla dume," mzee Elieza aliuliza, na katika sauti yake mlikuwa na hamu ya kujua zaidi kuliko hukumu.

"Akiwa na njaa, mzee. Ndiyo maana namlisha siku tatu kwanza, ndipo namtia dume."

Mzee Elieza akacheka. Baba hakucheka.

"Sikiliza, kijana. Sisemi wewe ni mchawi. Lakini kitu hiki kimekutwa chini ya kitanda cha binti yangu, na Kikuyu nzima imesikia. Uani pana moto. Wachome wote kwa mkono wako, sisi tukiona. Ukimaliza, tutakaa tuzungumze habari ya Priska."

"Nikiwachoma, mtanifikiria?"

"Nimesema tutazungumza."

Kiti kilikwaruza sakafu. "Basi nitawachoma."

Tangu Jumanne Priska alikuwa ameomba kwa magoti Yotham aseme maneno hayo hayo. Wadudu ni nini? Wadudu ni wadudu. Lakini alipoyasikia, alilivuta pazia kando. Alichungulia. Yotham alikuwa tayari uani, mbele ya moto, ameshika kioo cha kwanza, kile chenye mama na mayai. Shangazi aligonga kioo kwa ukucha ili amtoe mdudu kwenye gome. Mdudu hakutoka. Alijibana zaidi juu ya mayai yake, akatandaza miguu. Yotham akaanza kuifungua kamba ya chandarua, kamba ambayo Priska aliipitisha mwenyewe kwenye pindo.

"Yotham, weka chini."

Wote waligeuka. Priska alikuwa uani, miguu mitupu.

"Rudi ndani," shangazi alisema.

"Sirudi, shangazi. Nisamehe." Alikwenda mpaka mbele ya Yotham, wakabaki na moto katikati. "Ukiwachoma, umekubali."

"Nimekubali nini? Nakutafuta wewe, Priska. Hawa nitawapata wengine. Wewe nitakupata wapi?"

"Umekubali kwamba ni dawa! Kesho nikisema nakupenda, watasema uliacha mmoja umemficha. Nikinyamaza siku moja kwa kuumwa kichwa, watasema si mnaona, dawa imeungua. Mpaka nazeeka, nitakuwa mwanamke aliyewekewa. Na wewe hukuniuliza. Baba hakuniuliza. Mmekaa ndani mkaniuza na kuninunua kwa vioo vya taa."

"Priska!" baba alisema.

Alipiga magoti mbele ya baba yake pale pale mavumbini. "Baba, yeye hakuniletea kwa hila. Nilimwomba. Akaninyima mara mbili, nikamfukuza dukani, ndipo akaleta. Nilimpenda kabla sijamwona mdudu hata mmoja. Nilimpenda kwa sababu ya kicheko chake, kama kuna haja ya kujua. Lakini najua huniamini. Basi nijaribu. Mpe wadudu wake aondoke nao. Mimi nipeleke Gulwe kwa bibi. Miezi mitatu, bila mdudu, bila barua, bila yeye. Dawa gani itanifuata miezi mitatu? Baada ya hapo njoo uniulize. Nitakalosema, mkubali kuwa ni langu."

Moto ulipasua kijiti. Mzee Elieza ndiye aliyesema kwanza, tena kwa sauti ya chini. "Gideoni, mtoto amesema kitu cha haki."

Baba alivua miwani, akaifuta, akaivaa. "Miezi mitatu," alisema. "Yotham, kusanya vitu vyako."

Walipewa nafasi ya kuagana hapo hapo uani, shangazi akiwa hatua tano. Yotham alivipanga vioo ndani ya sanduku, na kila alipoweka kimoja alipata sababu ya kuinua macho.

"Umekonda," Priska alimwambia hatimaye.

"Na wewe pia."

"Utakuja Gulwe?" Neno lilimponyoka kabla hajalizuia.

"Umesema bila mimi."

"Ndiyo, nimesema."

"Basi sitakuja."

Alikubali upesi mno. Priska aliposikia jinsi alivyokubali upesi, alitamani kulipiga teke lile sanduku.

* * *

Gulwe mvua ilikuwa imewahi. Priska alipokelewa na bibi yake, mama wa baba, kikongwe aliyekuwa bado analima, na kesho yake akapewa jembe. Walilima mtama, wakapalilia karanga, wakachuma mlenda. Nyumba haikuwa mbali na reli. Kila gari moshi lilipolia, Priska alinyanyuka.

"Mbona unalitazama hivyo?" bibi aliuliza. "Kama limekuibia mbuzi."

"Natazama tu, bibi."

"Watu wa kutazama tu mimi nawajua."

Mwezi wa kwanza aliumwa na Yotham kama mtu anavyoumwa jino. Mwezi wa pili likaja jambo baya zaidi. Siku moja akiwa shambani alijaribu kuukumbuka uso wake, ukamkimbia. Aliipata mikono, aliipata sare, uso haukuja. Akashika mpini wa jembe, jasho jembamba likimtoka. Na kama shangazi alisema kweli? Na kama ilikuwa dawa, na sasa inaisha? Siku tatu alitembea na swali hilo, asimwambie mtu, akichota maji kisha akisahau ndoo kisimani.

Siku ya nne lori lilisimama nje. Alikuwa Bartolomayo, amemletea bibi kilo mbili za sukari. Alivua kofia, akasalimia kwa heshima, akaomba ruhusa ya kuongea na Priska pale pale kibarazani, bibi akisikia. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mpole, na mke wake wa kwanza alipofariki alimlilia mwaka mzima bila kuona haya.

"Nimesikia yaliyotokea Kikuyu," alisema. "Sikuja kukusengenyea mtu. Nimekuja kuuliza tu, sasa akili imetulia, unionaje?"

Priska alimtazama kwa haki. Aliona mwanamume mzuri, mwenye mikono safi, ambaye angemtunza vizuri.

"Nakuona mtu mwema, kaka Bartolomayo."

"Mbona umenuna? Nimekukosea?"

"Wewe? Hapana. Nina hasira tu."

"Na nani?"

"Na yule!" Ilimtoka kwa sauti iliyomshtua hata yeye. "Ana pasi ya reli. Anapanda bure. Wiki ya nane hii, hata kupita tu dirishani hajapita! Nilisema asije, ndiyo, nilisema. Lakini alikubali kana kwamba nimemwambia anunue chumvi. Hata kubisha! Hata neno moja la kubisha!"

Bibi alikuwa ameacha kupepeta. Na hapo hapo, bila kutafutwa, uso wa Yotham ulimjia, mzima, na kovu dogo la kidevuni na yote.

Bartolomayo alimtazama kwa muda. Kisha akatabasamu, tabasamu la mtu aliyefika akakuta mlango umefungwa na hana wa kumlaumu. "Mimi hujanikasirikia hata mara moja," alisema. "Tangu siku ya kwanza." Akavaa kofia yake. "Bibi, kaa salama. Sukari usiifiche, unywe."

Lori lilipoondoka Priska alilia, akilia kwa ajili ya Bartolomayo kidogo na kwa ajili yake mwenyewe zaidi. Bibi alimwacha amalize.

* * *

Wiki ya kumi na moja, asubuhi, baba yake alishuka kwenye gari moshi, na begi lake dogo la safari za makanisani. Priska alimwona kutoka shambani, akaja mbio na tope miguuni.

"Shikamoo, baba. Kuna msiba?"

"Marahaba. Hakuna msiba."

"Siku zangu hazijaisha. Zimebaki wiki mbili."

"Zako hazijaisha. Zangu zimekwisha." Baba aliketi kwenye kigoda cha bibi, akaonekana amezeeka tangu walipoachana. "Yule kijana huja kila Jumamosi, Priska."

"Wapi?"

"Kwangu. Hushuka na gari moshi la saa saba, hunisalimu, hukaa. Tunaongea mvua, tunaongea kanisa. Habari yako haulizi. Jioni anarudi Zuzu. Jumamosi ya nne nilimshika, nikamwambia, wewe una pasi ya reli, kwa nini huendi Gulwe ukamwibia hata salamu? Akaniambia, mwalimu, lile ni neno lake. Kila mtu alikuwa amemnyang'anya neno siku ile, na mimi nikiwemo. Siendi kumnyang'anya tena."

Priska aliketi chini, miguuni mwa baba yake.

"Shangazi yako alikuwa mlangoni, akasikia. Tangu siku hiyo anamwekea chai, ingawa bado hamwangalii usoni." Baba alivua miwani, safari hii hakuifuta. "Mwanangu, nimewafundisha watu miaka ishirini kwamba hakuna dawa inayoweza kuushika moyo wa mtu. Siku iliponifikia mimi, niliamini ndoo iliyofunika mdudu kuliko mtoto wangu. Nakuomba radhi. Na sasa nakuuliza kama ulivyotaka uulizwe. Bado?"

"Nimemkasirikia, baba."

"Nini?"

"Nimemkasirikia wiki nyingi. Nikimwona leo nitaanza kwa kumgombeza. Nitamgombeza mpaka nichoke. Baada ya hapo ndipo nitamwambia ndiyo."

Baba alimkodolea macho. Kisha mabega yake yakaanza kutikisika, na Priska, ambaye hakuwa amemsikia akicheka namna ile tangu mama yake azikwe, alidhani kwanza anakohoa.

"Mama yako naye alianza na mimi hivyo hivyo," alisema alipopata pumzi. "Kanawe miguu. Gari moshi la kwenda Dodoma linapita mchana."

Bibi aliwasindikiza mpaka stesheni, amebeba karanga mbichi kwenye kikapu ambazo hakutaka mtu mwingine azishike. Priska alikuwa hatulii. Alikwenda ukingoni mwa reli, akarudi, akafunga khanga upya, akaifungua. Baba alikwenda dirishani kukata tiketi.

"Wapi, mwalimu?" karani aliuliza.

"Zuzu. Watu wawili."

Priska aligeuka. "Baba, nyumbani ni Dodoma."

"Nyumba yangu naijua." Alizipokea tiketi, akazitia katikati ya Biblia yake, akaifunga. "Nataka nikawaone hao wadudu mchana kweupe, kwa macho yangu, wala si kwa ya shangazi yako. Na wewe una mtu wa kugombeza."